Maktaba ya kiganjani inasomewa chini ya dirisha

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako mwaka wa 13 huu na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila ile habari yenu ya wiki jana, ya maktaba ya chuo “kuhamia kiganjani”, yaani kusomwa kwa programu ya simu, imenichokoza. Mwandishi wenu kaandika alivyoambiwa na wenye maktaba. Angemuuliza na mmoja wetu tunaoitumia.

Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Kibosho, chuo nasoma jioni. Jumamosi iliyopita nilitaka makala moja tu ya kisukari. Nikafungua hiyo programu, makala nikaiona, nikabonyeza. Jibu: inasomeka kwa mtandao wa chuo pekee. Yaani mfumo unalitambua jengo, mwanafunzi haumtambui! Nikapanda bodaboda hadi Moshi mjini. Maktaba imeshafungwa. Nikasimama nje, chini ya dirisha la chumba cha majarida, ambako waifai bado inavuja kidogo, simu nimeiinua kama antena. Makala imepakuliwa asilimia 80, askari akanimulika tochi usoni: “Dada, hapa unatafuta nini?” Nikamwambia nasoma. Akacheka, na sikuwa na la kumlaumu. Nyumbani naifungua, kumbe kurasa zina safu mbili, zimepangwa kwa ajili ya karatasi ya A4. Unavuta kushoto, unavuta kulia, ukifika mwisho wa sentensi umeshasahau ilianzaje. Na majarida ya afya namna hiyo, vyuo vya nchi kama yetu vinayapata bure au kwa bei ya chini kupitia HINARI, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Dunia imetupa bure, sisi tukaifungia getini.

Kinachofika kwenye simu yangu bila kukosea ni ujumbe wa faini. Juzi uliingia saa tano na nusu usiku: kitabu kimechelewa siku 2. Nikajibu naomba niongezewe siku. Jibu halikwenda, kwa sababu ujumbe wao umetumwa kwa jina, hauna namba ya kujibu. Faini haihitaji bando. Na hilo bando nalo, Mhariri, mtaliandika lini? Nalinunua jioni nikitoka kazini, muda wake unaisha kabla sijamaliza hata nusu ya MB zake, na hakuna wa kunirudishia.

Halafu mlangoni pa maktaba hiyo hiyo ya kiganjani bado kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu: ZIMA SIMU.

Waturuhusu tuingie kwa namba ya usajili na nywila popote tulipo. Ujumbe wa faini upokee jibu: nikituma 1, niongezewe siku 7. Hata kitochi kinaweza hilo. Wakishindwa, basi watuwekee benchi chini ya lile dirisha, lenye paa, maana masika haina simile, na askari wa zamu apewe orodha ya majina yetu.

Muuguzi mwanafunzi,
Kibosho, Moshi