Kwa waandishi vijana: jina la aliyekuamini

Wanangu mnaoanza kazi ya habari, Kigoma, Arusha, Bujumbura na kwingineko,

Nawasikia mkiwaambia watu "sitakutaja" kabla hata hamjajua wana habari gani. Punguzeni mwendo. Neno hilo ukishalitoa, utadaiwa ulitunze hata ukiwa kizimbani.

Januari 2015 Bob Rugurika, mkurugenzi wa Radio Publique Africaine ya Bujumbura, alirusha sauti ya mtu aliyekiri kushiriki mauaji ya masista watatu wa Kiitaliano, waliouawa Kamenge, mtaa wa Bujumbura, Septemba 2014. Wakubwa wakamtaka mtu yule. Rugurika hakumtoa. Akawekwa ndani, akashtakiwa hata kwa kushirikiana na wauaji. Alipotoka kwa dhamana Februari, watu walifurika barabarani kumlaki.

Sheria ya habari ya Burundi ya Juni 2013 ilimlazimisha mwandishi kutaja chanzo chake panapoguswa usalama wa taifa, utulivu wa umma, siri za ulinzi, au utu na mwili wa mtu. Niambieni, habari gani nzito haimo humo? Umoja wa waandishi wa Burundi ukaifikisha sheria hiyo Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Mei 15, 2015 majaji wakaamua kwamba kifungu cha 20, hicho cha kutaja chanzo, kinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: serikali ina njia nyingine za kulinda siri zake bila kumbana mwandishi. Isomeni, ni shauri namba 7 la 2013. Mkataba huo unazifunga nchi zote wanachama, si Burundi peke yake.

Ila hukumu hiyo ilitoka siku zilezile za jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura zikishambuliwa na kuharibiwa, ya Rugurika ikiwemo. Kwa hiyo msiiachie mahakama kazi yote. Jina la mtoa habari lisikae kwenye simu yako. Usimfuate nyumbani na gari la ofisi. Mwambie wazi kwamba sauti yake majirani wanaijua, kisha mwache aamue mwenyewe. Usichokihitaji usikihifadhi tangu mwanzo, maana wito wa polisi ukishafika, kufuta ni kosa jingine. Na ukiitwa, nenda na wakili. Usitie sahihi maelezo ambayo hujayasoma hadi mstari wa mwisho.

Mzee wenu,
mhariri mstaafu