Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa Baridi na Malezi Hapa Minnesota

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya mweka hazina, kwa hiyo sitazirudia. Yangu inahusu jambo lililochukua muda wa kamati kuliko mengine yote: namna familia zetu za Minneapolis, St. Paul, Brooklyn Park na vitongoji vya jirani zinavyovuka miezi ya baridi zikiwa na watoto wadogo.

Neno kubwa la kamati nalitanguliza. Shida nyingi zinazotupiga Januari mizizi yake iko Oktoba. Anayengoja theluji ianguke ndipo atafute buti, apigie kampuni ya gesi au amwambie mwenye nyumba kwamba dirisha halifungi, hukuta namba za buti za watoto zimekwisha dukani, deni limeshakua na fundi ana foleni ya wiki mbili. Uvumilivu tunao wa kutosha. Kinachotuangusha ni kalenda.

Nianze na nyumba. Tangu Januari 1, 2024, sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la ndani halishuki chini ya nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Wengi wetu tunakaa na masweta ndani tukidhani ndivyo Marekani ilivyo. Nunua kipimajoto cha bei nafuu, kiweke katikati ya chumba usawa wa kifua, mbali na dirisha na mbali na hita. Kipige picha asubuhi na usiku kwa siku tatu, picha zioneshe saa. Kisha mwandikie mwenye nyumba, usiishie kumpigia simu, na ubaki na nakala. Kwa Minneapolis, asipojibu, piga 311, namba ya huduma za jiji, uombe mkaguzi wa nyumba. Joto likikatika kabisa hiyo ni dharura: unamjulisha mwenye nyumba saa 24 kabla, halafu unaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya haraka. Usiache kulipa kodi kwa uamuzi wako mwenyewe, hata ukiwa na haki yote. Kodi inayozuiliwa bila mahakama ndiyo inayoleta barua ya kufukuzwa.

Kuhusu bili, ipo kanuni ya jimbo inayowalinda wakazi wasikatiwe umeme au gesi ya kupashia nyumba joto kati ya Oktoba 1 na Aprili 30. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kudhani ulinzi huo unakuja wenyewe. Hauji. Lazima upigie kampuni, mkubaliane mpango wa malipo, na uufuate. Kwa familia yenye kipato kisichozidi nusu ya kipato cha kati cha jimbo, malipo hayo hayatakiwi kupita asilimia 10 ya mapato ya nyumba. Ukiona mwezi huu hutaweza, piga simu kabla ya tarehe ya kulipa, kwa sababu ukivunja mpango kimyakimya ulinzi umekwisha. Wanaotumia propeni au mafuta ya kujazwa kwenye tangi wajue kanuni hii haiwahusu, hivyo wasiache tangi likauke. Mwaka wa msaada wa serikali wa kulipia nishati huanza Oktoba 1, na mpangaji naye anaruhusiwa kuomba.

Sasa nisemalo kwa uzito wote: moto wa ndani. Kuna nyumba zinazowasha oveni ya gesi na kuacha mlango wake wazi ili chumba kipate joto. Kuna wanaoingiza jiko la mkaa kwenye banda la gari kumalizia nyama choma kwa sababu nje kunauma, na wengine huwasha gari humohumo lipate moto. Vyote hivyo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Banda linaloungana na nyumba huipitisha hadi vyumbani hata mlango mkubwa ukiwa wazi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wameanza kuumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, msiseme ni mafua. Tokeni wote, kisha mpige 911 mkiwa nje. Sheria ya jimbo inataka king'ora cha gesi hiyo kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Kibonyezeni kila mwezi mkisikie kinalia. Baada ya theluji nyingi, zungukeni nyumba mkatazame mabomba meupe ya plastiki yanayotoka ukutani. Hayo ndiyo pua ya mashine ya joto. Yakizibwa na theluji, mashine mpya hujizima na ya zamani inaweza kuwarudishia moshi ndani.

Mashine yenyewe huzimika zaidi kwa kichujio kuziba kuliko kwa kuharibika. Kichujio chembamba cha inchi moja kitazamwe kila mwezi na kisipite miezi mitatu. Vipimo vimeandikwa pembeni mwake, na mshale uelekee upande wa mashine. Kukiwa na baridi kali fungueni milango ya kabati chini ya sinki linalopakana na ukuta wa nje, na mwache maji yadondoke kidogokidogo. Bomba likiganda, fungua koki, anza kulipasha kwa draya ya nywele kutoka upande wa koki ukirudi nyuma, na kamwe usitumie moto. Kila mtu mzima nyumbani ajue valvu kuu ya maji iko wapi, kwa sababu bomba lililopasuka huanza kumwaga linapoyeyuka.

Kamati iliulizwa maswali mengi zaidi kuhusu watoto wachanga, na huko ndiko desturi yetu njema ya kumfunika mtoto inapogeuka hatari. Nyumba yenye nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi si mahali pa kofia, soksi mbili na mablanketi mawili. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alale chali, peke yake, kwenye godoro gumu, bila blanketi, mto wala kofia. Badala ya blanketi avae gunia la kulalia, lile lenye zipu lisilo na mikono, juu ya nguo zake za usiku. Usimpime kwa viganja, maana viganja vya mtoto huwa baridi hata akiwa salama. Weka mkono nyuma ya shingo au kifuani: pakiwa na jasho, punguza nguo.

Kwenye gari, koti nene chini ya mkanda ni kosa tunaloliona kila Jumapili katika maegesho. Jaribuni hivi wenyewe. Mvalishe mtoto koti lake nene, mkalishe kwenye kiti chake, kaza mkanda kama ulivyozoea. Mfungue bila kugusa urefu wa mkanda, mvue koti, mfunge tena. Ile nafasi unayoiona kati ya mkanda na kifua ndiyo atakayorushwa nayo gari likigonga, kwa kuwa koti hubonyea. Njia sahihi ni sweta jembamba, mkanda ukazwe hadi usiweze kuubana ukunje kwa vidole viwili begani, kibanio cha kifuani kiwe usawa wa kwapa, halafu ndipo umfunike blanketi juu ya mkanda au umvike koti kinyumenyume. Tangu Agosti 1, 2024, sheria ya hapa inataka mtoto aangalie nyuma hadi atimize miaka 2, kisha akae kwenye kiti chenye mikanda yake hadi angalau miaka 4, baadaye kiti cha kumwinua hadi miaka 9 au kimshinde kwa kimo. Aliye chini ya miaka 13 akae nyuma panapowezekana.

Wanaobeba kwa leso au kanga wamlete mtoto mbele wakitoka nje, uso uonekane na kidevu kisigandamie kifua. Mgongoni chini ya koti la mama hakuna anayeona mtoto anavyopumua.

Kwa wanaokwenda shule, adui wa kwanza ni pamba. Fulana na soksi za pamba hunyonya jasho na kubaki mbichi, na mtoto aliyelowa hupoa upesi hata koti likiwa la bei kubwa. Nguo ya ndani iwe ya sufu laini au poliesta, ya kati iwe flisi, ya juu isiyopitisha maji wala upepo. Glavu za mfuko, zinazokusanya vidole vinne pamoja, hutunza joto kuliko za vidole. Buti ziwe na soksi nene ya ndani inayotoka, na kila jioni itolewe ikauke nje ya buti. Ikivaliwa na unyevu wa jana, vidole vitaanza kuuma kabla basi halijafika. Buti inayobana ni mbaya kuliko buti ya bei rahisi, kwa sababu damu haipiti na hewa ya joto haina pa kukaa. Kwa watoto wadogo tumieni soksi ya shingo badala ya skafu ndefu inayoweza kunasa kwenye bembea. Nywele zilizosukwa zinahitaji kofia kubwa yenye bitana ya satini, la sivyo mtoto ataivua kwa kuwa inambana na kumkata nywele. Watoto hutolewa nje wakati wa mapumziko hata kukiwa na baridi, na kila shule ina kiwango chake cha kuwabakiza ndani. Kiulizeni Septemba.

Nyuzi sifuri za Fahrenheit, ambazo ni kama 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, pamoja na upepo wa maili 15 kwa saa, mwili huzihisi kama 28 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Vijitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hauonekani vizuri. Tazama kijivujivu kama majivu au weupe wa nta kwenye ncha ya pua, masikio na vidole, na ugumu ukigusa, na mtoto anayesema ghafla kwamba hasikii maumivu tena. Usisugue, wala usimsogeze kwenye hita, maana hawezi kuhisi akiungua. Loweka sehemu hiyo kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi na mpeleke kwa daktari.

Jua la hapa, mbali kaskazini kwenye latitudo 45, haliwezi kuipa ngozi vitamini D ya kutosha miezi ya baridi, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Mtoto anayenyonya apewe vipimo vya kimataifa (IU) 400 vya vitamini hiyo kila siku tangu siku za mwanzo, na zaidi ya mwaka mmoja anahitaji 600 kwa siku. Muulizeni daktari kabla ya kumwongezea mtoto chochote. Ngozi inayopasuka ipakwe Vaseline dakika chache baada ya kuoga, ikiwa bado na unyevu, na maji yawe ya vuguvugu.

Kazi na watoto. Saa za ugonjwa zinazolipwa, saa moja kwa kila saa 30 ulizofanya kazi, hadi 48 kwa mwaka, zinaruhusiwa pia shule ya mtoto inapofungwa kwa hali ya hewa. Wengi wetu wa shifti hawakuzitumia kwa kudhani ni za homa tu. Likizo ya kulipwa ya jimbo kwa uzazi na matunzo ya familia imeanza Januari 1, 2026, hadi wiki 12. Mama aliye katika arobaini bila dada wa kazi wala shangazi karibu aanze kujaza maombi mapema.

Kamati inapendekeza familia ziungane mbili mbili kwa siku za theluji. Tumechagua mbili kwa sababu: Minnesota huruhusu mtu asiye na leseni kulea watoto wa ndugu zake pamoja na wa familia moja nyingine tu. Mkiungana tatu, huenda mkahitaji leseni.

Magari kwa ufupi. Dharura ya theluji ikitangazwa Minneapolis, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi usiegeshe upande wowote wa barabara za dharura. Kesho yake saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku usiegeshe upande wa nyumba za namba shufwa kwenye barabara nyingine, siku ya tatu upande wa namba witiri. St. Paul ina utaratibu wake. Mwenye nyumba yake ana saa 24 kuondoa theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba tangu iache kuanguka.

Saa zikirudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, tunapishana saa 9 na Nairobi na Dar es Salaam, 8 na Bukavu na Bujumbura. Jumamosi saa tatu asubuhi hapa, bibi yuko Nairobi saa kumi na mbili jioni, ameshapika, na watoto hapa wako macho. Muda huo uwekwe kama ibada, kwani jua linalozama kabla ya saa kumi na moja jioni huwafunga watoto ndani na Kiingereza cha runinga.

Mwisho, uamuzi unaohitaji kura yenu. Kamati inaomba mfuko wa baridi usinunue makoti tena. Makoti hugawiwa kwingi, ila buti na suruali za theluji ndizo zinazokosekana. Mkikubali, makabati ya kugawia buti na suruali hizo yatafunguliwa wiki ya mwisho ya Septemba. Leteni buti na suruali zilizowabana watoto zikiwa kavu, namba imeandikwa ndani kwa wino usiofutika, soksi za ndani zikiwemo, na kila jozi ya buti imefungwa kamba pamoja.