Shule Ile Haikuanza 1956

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya jubilii ya shule ya msingi ya kwetu, yenye picha ya askofu akikata utepe, nimeirudia mara kadhaa nikitafuta sentensi moja tu ya kweli kuhusu mwanzo wa shule hiyo. Haimo. Mmeandika kwamba ilianzishwa na wamishonari mwaka 1956, mkapita. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa chuo cha ualimu, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia, hata pale nilipoona mmekosea. Safari hii siwezi kunyamaza.

Mwaka 1956 shule ile ilifunguliwa tena. Kuanzishwa ilianzishwa karibu miaka ishirini kabla ya hapo, na walioianzisha ni wazazi wa kijiji, watu waliokuwa wamefukuzwa na misheni ileile mnayoisifu leo.

Wewe, Mhariri, unajua yaliyotokea Ukikuyuni mwaka 1929. Misheni za kigeni, yaani Church of Scotland Mission, African Inland Mission na Gospel Missionary Society, ziliwataka walimu na waumini watie sahihi au kidole gumba kwamba wameachana na tohara ya wasichana na wamejitenga na chama cha siasa cha Wakikuyu, Kikuyu Central Association. Aliyekataa alitengwa na kanisa, na mtoto wake akakosa nafasi shuleni. Ukeketaji mimi naupinga, sheria ya 2011 iliyoupiga marufuku naiunga mkono, na binti zangu hawakuguswa. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikiitaja historia hii hutokea mtu akadai natetea wembe. Lakini ugomvi ule ulikuwa mpana kuliko hapo. Wazazi waliuliza: ardhi ni yetu, watoto ni wetu, karo twalipa sisi, mbona mgeni ndiye anayeamua nani aingie darasani na afundishwe nini? Walitaka Kiingereza kianze mapema, walitaka mwalimu anayejibu kwao, na walitaka mtoto asifukuzwe kwa msimamo wa baba yake. Hata Nyanza, magharibi mwa Kenya, John Owalo wa Kanisa la Nomiya, kanisa la Waafrika wenyewe, alikuwa ameshadai shule zisizo mikononi mwa wamishonari.

Basi wakajenga zao. Mwaka 1934 walikutana Gituamba, huku kwetu Murang'a, wakaunda Kikuyu Independent Schools Association, yaani chama cha shule huru za Wakikuyu, ile KISA wazee wanayoitaja hadi leo. Wengine, hasa Kiambu, wakawa na chama chao cha shule huru, Kikuyu Karing'a Educational Association. Walipokosa makasisi wa kuwabatizia watoto, walimwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akaja Gituamba kuwafunza wao wenyewe ukasisi. Walipopungukiwa na walimu, walifungua chuo cha Githunguri mwaka 1939 chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi na shahada kutoka Marekani. Baadaye kiliongozwa na Jomo Kenyatta. Fedha zilitoka kwa marika yaliyoshindana kuchanga, na wanawake wakachangishana kivyao kujenga bweni la wasichana. Hiyo Harambee, yaani kuchanga pamoja, tunayoambiwa ilianza na Uhuru, watu hawa walikuwa wakiiishi tayari.

Shule ninayoisemea ilikuwa moja ya hizo, na ilikuwa ndogo sana: vyumba viwili vya udongo, mabati upande wa mbele, nyasi upande wa nyuma. Marehemu mama alisoma pale. Alituambia kwamba mabati yale yalinunuliwa na rika la babake kwa fedha za magome ya miwati, miti ambayo magome yake huuzwa kwa kutengenezea ngozi, na kwamba watoto walitumwa mtoni kuchota maji ya kukandia udongo kabla ya masomo. Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Baring ilizifunga shule huru ikidai ni viota vya Mau Mau, na chuo cha Githunguri kikageuzwa mahali pa kufungia na kunyongea watu. Kwetu askari walikuja asubuhi, wakawatoa watoto, wakatupa mabao ya kuandikia nje. Mabati yaling'olewa yakaenda kuezeka kituo cha homugadi, wale walinzi wa vijijini waliokuwa upande wa serikali. Miaka michache baadaye, penye kiwanja kilekile, misheni ilipewa kibali cha kufungua shule. Huo ndio mwaka mnaouita wa kuanzishwa.

Sasa nije kwenye sherehe yenyewe. Nilikwenda nikiwa na stakabadhi ya babu, niliyoitunza ndani ya bahasha ya plastiki tangu mama afariki. Ni kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, kimeandikwa kwa penseli ya zambarau iliyofifia. Jina la babu linasomeka, mchango wa shilingi tano unasomeka, na mwaka unasomeka waziwazi: 1936. Nilimwonyesha mkuu wa shule kabla ya hotuba. Akaniambia kwa adabu kwamba jambo hilo halimo katika faili za shule. Nikaomba dakika mbili za kuzungumza kama mzazi na mwalimu mstaafu, nikakubaliwa. Nilipofika mwaka 1952, mfawidhi wa sherehe alikuja akashika kipaza sauti mkononi mwangu, akasema, "Mzee, leo ni siku ya furaha, hayo ya siasa tuyaache," na bendi ikaanza kupiga. Nilirudi kwenye kiti mbele ya wajukuu zangu. Hilo ningelivumilia, maana nimezoea wazee kukatizwa ili wageni waheshimiwa wawahi kwenda zao. Lakini mwandishi wenu alikuwa pale, Mhariri! Alinifuata chini ya hema, akaipiga stakabadhi picha kwa simu, akaniuliza jina la babu linavyoandikwa, akaniuliza mara ya pili ili asikosee. Nikafurahi. Nikawaambia watoto wanunue gazeti. Nilipolifungua nikamkuta askofu na utepe wake, na mwaka 1956. Watu waliouza magome ya miti yao ili watoto wajue kusoma hawakupata hata mstari mmoja, na ushahidi wao mlikuwa nao kwenye simu.

Na si jubilii tu. Sheria ya Elimu ya 1968 ililiacha kanisa kuwa mdhamini wa shule, na mimi sina ugomvi na mdhamini anayeleta chaplaini na kusali na watoto. Ugomvi wangu ni pale mdhamini anapozungumza kana kwamba kiwanja ni chake. Kiwanja kile kilitolewa na ukoo mmoja mbele ya mashahidi, na waliokuwapo wamebaki wachache mno. Hati miliki haipo. Jirani mmoja ameshasogeza ua wake mara mbili kuingia uwanja wa mpira na hakuna aliyemuuliza. Tumesahau Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walivyopigwa mabomu ya machozi kwa kudai uwanja wao? Huku madarasa mapya, yaliyojengwa kwa NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya majimbo ya ubunge, yaani kodi yetu sisi, yamechorwa jina la mbunge ukutani kwa herufi zinazoonekana kutoka barabarani. Mbunge ana jina ukutani, askofu ana jina kwenye jiwe la msingi, na waliotoa ardhi na mabati hawana jina popote.

Kwa hiyo naomba hivi. Gazeti lisahihishe, kwenye ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule, na picha ya ile stakabadhi ichapishwe, mnayo. Shule iweke kibao langoni, cheupe kwa maandishi meusi, chenye mambo matatu: ilikuwapo kufikia 1936 kwa nguvu za wazazi chini ya KISA, ilifungwa na serikali ya kikoloni 1952, ilifunguliwa tena 1956. Chini yake yaandikwe majina ya waliochanga, kadiri wazee watakavyoyakumbuka. Chifu aitishe baraza la wazee hao Jumamosi moja kabla ya mvua ndefu, maana barabara ikilowa hawatafika, na mwalimu wa historia akae nao na daftari. Yuko fundi wa mabango pale sokoni, rangi nitalipia mimi. Na anayestahili kukifungua kibao hicho ni bibi mmoja aliyesoma pale kabla ya kufungwa, bado yu hai, anaishi chini ya kiwanda cha kahawa. Simu haisikii vizuri, atumiwe gari.

Mwalimu mstaafu,
Kaunti ya Murang'a