YAH: Probu za BCR::ABL1 zilizotufikia zikiwa zimepoteza rangi ya kijani

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Mimi ndiye ninayesoma slaidi za FISH, kipimo kinachoonyesha jeni ndani ya seli kwa rangi zinazowaka, katika maabara yetu hapa Dar es Salaam. Mwezi uliopita mlituletea vichupa vitano vya probu za BCR::ABL1, yaani vipande vya DNA vyenye rangi vinavyonasa jeni mbili: ABL1 ya kromosomu 9 kwa nyekundu na BCR ya kromosomu 22 kwa kijani. Boksi lilifika barafu imekwisha na vichupa vina joto la chumbani, ilhali kibandiko chenu wenyewe kinaagiza nyuzi 20 chini ya sifuri, mbali na mwanga. Tuliyaandika hayo kwenye hati ya mapokezi na wakala wenu akasaini. Akasema, "Hazina neno, zitafanya kazi."

Zimefanya nusu ya kazi. Nyekundu inawaka, kijani haionekani.

Afadhali tungeona giza tupu. Kijani ikifa peke yake, slaidi inadanganya. Mgonjwa ambaye kromosomu zake 9 na 22 zimebadilishana vipande, seli yake kwa kawaida huonyesha nukta nyekundu moja, ya kijani moja na za njano mbili, pale rangi zinapokutana. Ondoa kijani, zile za njano zinabaki nyekundu. Nilikuwa nahesabu viini 200 vya mgonjwa mmoja, nikawa nakuta nyekundu tatu, tena tatu, tena tatu. Mwenye haraka angeandika kwamba kromosomu 9 imezidi, akafunga faili. Mimi nilisita kwa sababu bandama la mgonjwa lilikuwa limevimba na chembe zake nyeupe zimepanda mno, dalili ninazozijua za lukemia sugu, saratani ya damu inayotokana na mbadilishano huo.

Tulipowalalamikia, mlitujibu kwa mistari miwili: tukague hadubini. Tulikuwa tumeshaikagua. Probu za PML::RARA, za jeni nyingine, tulizonunua kwingine zinawaka kijani safi kwa kichujio hicho hicho. Kisha tukachukua mabaki ya kichupa cha toleo lenu la nyuma, tukayaweka kwenye slaidi nyingine ya mgonjwa yule yule na kuilaza usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi nukta za njano zilikuwepo, mbili mbili.

Mgonjwa alikaa siku 11 zaidi bila imatinib, dawa ya lukemia hiyo, maana daktari hakuwa na jibu la kumwandikia dawa.

Tunataka vichupa vitano vipya kwa gharama yenu, vije na barafu kavu ya kutosha pamoja na kipimajoto kinachorekodi safari nzima. Maabara nyingine zilizopokea toleo hili zijulishwe wiki hii, kabla hazijatoa majibu. Punguzo mlilotuahidi kwa oda ijayo hatulihitaji. Halionekani kwenye hadubini.

Vichupa vinne ambavyo hatujavifungua viko kwenye friza yetu. Njooni mvichukue mkavipime wenyewe.

Wenu,
Mtaalamu wa Maabara, Kitengo cha Kromosomu