Vijana wafundishwe kuhesabu kuanzia sifuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaowafundisha vijana wa Tanga kuandika programu kwamba kutafuta herufi ndani ya maandishi hakuishii kujua kama zimo, bali ni kujua zinaanzia wapi. Katika jina “Mkwakwani”, lugha ya programu ya Python ikiagizwa kwa amri ya find itafute “kwa” hujibu 1, kwa kuwa M imeshika nafasi ya 0. “Kwa” ya pili, iliyo nafasi ya 4, haitajwi mpaka Python iagizwe kuanza kutafuta mbele zaidi. Ukitafuta “Mk” jibu ni 0, ambalo sharti la if (yaani “ikiwa”) hulihesabu kuwa si kweli, ilhali kisichokuwemo hurudisha -1, nayo huhesabiwa kuwa kweli. Mtego huu (na ni mtego hasa) haufai kuachiwa somo la mwisho.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga