Risala ya Klabu ya Lugha na Tamaduni za Kigeni kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Wajumbe wa Kamati ya Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Ujio wako ni heshima kubwa kwa wanafunzi wa shule hii ya kati.

Klabu yetu ilianzishwa na wanafunzi wachache waliopenda Kifaransa. Leo ina wanachama katika kila darasa, na Kiarabu na Kichina vimeongezwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa mno. Tunasalimiana kwa lugha zote tatu bila kutazama daftari. Tunaadhimisha siku za lugha zilizotengwa na Umoja wa Mataifa: Kifaransa 20 Machi, Kichina 20 Aprili, Kiarabu 18 Desemba. Kila mara gazeti letu la ukutani hueleza maisha ya wenye lugha hiyo: wanavyopokea wageni, wanavyozika, na kwa nini mwaka mpya wa jadi wa Wachina huhama tarehe, kwa kuwa hufuata mwezi pamoja na jua. Wenzetu waliozoea kucheka majina ya kigeni siku hizi wanauliza yanatamkwaje. Hilo tunalihesabu kuwa kubwa kuliko yote.

Sasa uturuhusu tuseme jambo linalotusumbua. Lugha hizi tunazisoma kwa macho tu. Kichina sanifu kina toni nne, yaani namna nne za mwendo wa sauti katika silabi. Silabi "ma" peke yake, kwa kubadili toni, huwa mama, katani, farasi au kukaripia. Kiarabu kina sauti za kooni, Kifaransa kina irabu za puani. Kitabu hakitamki. Mwalimu wetu, anayejitolea baada ya vipindi, hutusikilizisha kwa simu yake mwenyewe. Walioketi nyuma hawasikii, na chaji ikiisha somo limekwisha. Tuko katika umri ambao ulimi bado ni mwepesi, na matamshi mabovu tunayoyazoea sasa yatakuwa magumu kuyang'oa baadaye.

Tunaomba vifaa vya chumba cha kusikilizia lugha: kompyuta, spika, visikilizio vya masikioni, na intaneti itakayotuwezesha kuongea na wanafunzi wenzetu wa nchi nyingine.

Chumba chenyewe kipo, Ndugu Mgeni Rasmi. Wazazi walikipaka rangi na kuweka nyaya za umeme mara baada ya mgeni aliyesimama mahali hapa kabla yako kutuahidi vifaa hivi hivi. Tulimpigia makofi kwa dhati. Barua ya kukumbushia ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa, zilizofuata hazikujibiwa. Wanafunzi waliokiandaa chumba kile wamehitimu bila kukitumia, na sasa kinahifadhi madawati mabovu.

Hatusemi haya kumlaumu mtu, wala hatuna shaka na moyo wako. Ila kwa unyenyekevu tunakuomba, utakaposimama kujibu, ututajie vifaa gani vitakuja na mwezi gani. Kama haiwezekani, tuambie leo hii mbele ya wazazi, ili Kamati ianze kuchangisha bila kusubiri. Baada ya risala hii tungependa ukione chumba. Ufunguo anao katibu wa klabu.

Tunaomba kuwasilisha.