Serikali mnayotaka ife ndo inayokununulieni bando

Assalamu alaykum vijana wangu wa barza ya Wete, na nyinyi wa Chake na Mkoani, na wa Unguja pia maana najua barua hii itakufikieni kwa simu kabla mie sijamaliza kikombe cha kahawa.

Mmeniuliza kama vijana wataikumbatia hii siasa ya kukata serikali, inayoitwa libatariani, na mie nakujibuni nikiwa na hasira, sitaki kuficha. Wiki iliyopita baada ya isha nimekaa zangu barzani, vijana wanapiga keram, mmoja wenu, jina lake nalihifadhi kwa heshima ya bibi yake, akatoa simu kutuonesha yule rais wa Argentina, Javier Milei, kanyanyua msumeno wa injini juu mbele ya watu. Akasema babu tizama, huyu ndo kiongozi, serikali yote ikatwe, kodi zikatwe, kila mtu ajitegemee na mali yake asiguswe, siasa hii inaitwa libatariani na vijana wa dunia nzima washaifahamu bado sie tu. Wenzake wakapiga makofi. Nikamuuliza, na pensheni jamii, hii pesa serikali inayowapa wazee kila mwezi, je? Hata hakumeza mate: nayo ifutwe, mzee ahudumiwe na wanawe, si kazi ya serikali.

Haya. Bibi yake mtu huyu kapita miaka themanini, ana wanawe wawili, mmoja keshafariki na mwengine yuko Muscat, khabari zake tunazisikia kwa watu. Kila mwezi yule bibi anaifata pensheni yake, hii ilioanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000, na kabla hajanunua sukari wala dawa ya kuchua magoti anatoa elfu mbili anampa mjukuu. Ya bando. Yaani ule msumeno wa Argentina kautizama kwa pesa ya serikali!

Na mkasa haujesha. Asubuhi yake saa mbili simu yangu inalia, nafungua WhatsApp, kanitumia CV. "Babu nisaidie, nasikia kuna ajira serikalini, wewe si unajuana nao."

Nilicheka mpaka nikakohoa, hasira ikanipanda, na mwisho nikamuonea huruma.

Sasa suala lenu, kuwa vijana watazikumbatia siasa hizi au vipi. Mie naona neno watalishika, jambo lenyewe litawashinda. Tizameni huko lilikotoka. Marekani chama cha Libatariani kimeanzishwa 1971, na urais tangu hapo kura nyingi walizowahi kupata ni za Gary Johnson 2016, hazikufika hata nne kwa mia. Mtu aliewapandisha vijana wa vyuo mori kwa maneno haya ni Ron Paul, na 2012 alikuwa mzee wa miaka 76. Ilipofika 2016 vijana wa vyuo wakamfata mzee mwengine, Bernie Sanders, anaesema kinyume chake kabisa, chuo kiwe bure na serikali ilipe. Mmoja anasema serikali itoke, mmoja anasema iingie zaidi, na wote wakapata vijana. Kilichowavuta ni mtu anaesema moja kwa moja bila ya kuzungukazunguka (ningekuwa na magoti mazima ningegombea na mie).

Argentina nako wana yao. Mwaka 2023 bei zilipanda zaidi ya asilimia 200, mshahara unapokea leo keshokutwa umekuwa karatasi, na kule kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kupiga kura. Vijana wengi, wanaume khasa, wakampa Milei, akashinda Novemba 2023 kwa kama asilimia 56, akaingia akakata wizara kutoka 18 mpaka 9. Lakini mnadhani walikaa wakasoma nadharia? Waliotangulia waliwachosha, basi.

Na kuchoshwa nakujua. Mie nilikuwa libatariani kabla baba zenu hawajaota meno. Mkarafuu kapanda babu yangu, anaepanda juu kuchuma ni mie, kuchambua makonyo ni mama na dada zangu, kuanika na kuanua mvua ikija ni sie, lakini mnunuzi ni mmoja tu, shirika la serikali, na bei kaipanga yeye kakaa kwenye kiti. Ng'ambo ya maji kule Kenya, Shimoni na Mombasa, kilo ile ile ilikuwa ina bei ya maana. Basi miaka ya sabini mwishoni niliingia kwenye magendo mara mbili, Mungu anisamehe. Safari ya kwanza tulifika, nikarudi na vitenge na redio. Ya pili tuliona taa tukadhani doria, tukamwaga magunia yote baharini, halafu wallahi ikawa ni mashua ya wavuvi tu. Mpaka leo nikinusa karafuu mbichi tumbo linanikata. Kwa hiyo kijana akisema serikali itoke kwenye karafuu zangu mie namfahamu vizuri kuliko anavyojifahamu mwenyewe.

Lakini kaeni nikuambieni la meli, maana wengi wenu mlikuwa mnanyonya. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander imetoka Unguja inakuja kwetu Pemba. Uwezo wake abiria kama 600, ndani walikuwemo zaidi ya 2,000 na mizigo juu yake. Ikapinduka upande wa Nungwi. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na waliobakia baharini ni wengi kuliko hao, kisiwa hiki kila kijiji kina mtu wake. Asubuhi ile mitaa ya Wete ilikuwa kimya, redio tu, kila dirisha redio, na kila dakika unasikia ukelele wa nyumba moja. Sitaki kusema zaidi.

Sasa nifikirieni. Mwenye meli anataka nauli. Abiria anataka kulala kwao. Muuza tiketi anataka kuuza. Wote wameridhiana kwa hiari zao, hapana aliemshika mwenzake mkono. Ndo uhuru huo huo wa kwenye simu yako mwanangu, na ulizama.

Utaniambia babu, kwani serikali haikuwepo bandarini? Ilikuwepo! Na haikuzuia, na Julai 2012 ikazama nyengine, Skagit, karibu na Chumbe. Hapo ndo pananiuma na ndo ninapokwambieni tofauti na wahubiri wenu wa msumeno: kwetu serikali imejaa pale isipotakiwa, kwenye gunia langu la karafuu, kisha inakosekana pale inapotakiwa, kwenye ngazi ya meli, mtu mmoja na kalamu anahesabu vichwa. Mnataka kuifukuza yote, mie nataka ihame tu, itoke shambani kwangu iende gatini.

Na mbu nao wanataka serikali. Malaria ilipigwa dawa visiwa hivi, kampeni ikasimamishwa 1968, mbu wakarudi na homa zao. Miaka ya 2000 zikaja dawa mseto na vyandarua na kupuliza dawa nyumba kwa nyumba, malaria ikashuka chini ya asilimia moja. Mbu wa kwa jirani haulizi chumba ni cha nani.

Lakini wazee wenzangu na nyinyi msicheke, maana yule kijana hakuokota njiani lile neno "unajuana nao". Tumemfunza sie. Anataka kitambulisho, barua ya sheha, yule mkuu wa mtaa, anakwenda mara ya kwanza hayupo, mara ya pili njoo kesho, mara ya tatu anaulizwa wewe mtoto wa nani na kwenu mnafata chama gani. Kijana wa namna hiyo ukimuonesha msumeno atakosa kuupenda? Na mie ninaekusemeeni, mwanangu wa pili kazi yake niliitafutia kwa mtu, nikaenda na mkungu wa ndizi na jogoo. Bibi yenu alinikataza, nikaenda.

Mengine sitayarefusha. Kadi ya kura chukueni, hata kama mmekata tamaa. Mkisikia mtu kule Unguja anasema mali ya mtu isiguswe, muulizeni njia ya wavuvi kushuka pwani imepita wapi baada ya hoteli kujengwa. Ardhi yetu hapa ni ya serikali, na hata zile eka tatu tatu baada ya Mapinduzi zilitolewa na serikali, kwa hiyo siasa za mali ya mtu binafsi zikija zianzie hapo, zisianzie kwenye pensheni ya vikongwe. Kodi ulizeni inakwenda wapi. Msitukane watu kwenye simu.

Ijumaa baada ya sala nipo barzani. Yule kijana aje, CV yake nimeisoma yote, mwaka wa kumaliza skuli kauandika kabla ya mwaka wa kuzaliwa. Nitamsahihishia, lakini kwa mtu sendi tena, apeleke maombi yake mwenyewe. Na aje na elfu mbili ya bibi yake.